Kulala na AC kwenye joto la pwani: mwongozo kamili, usingizi upate na LUKU isikumalize

Kama unaishi Dar, Tanga, Zanzibar, Mombasa au popote pale pwani, habari ya Disemba mpaka Machi unaijua. Kaskazi imeingia, mchana digrii 32 au 33, usiku wa manane bado 25 au 26 na hewa imebeba maji mpaka shuka unalilalia likiwa kama halijakauka. Mtu anajikamua ananunua AC akijua kesi imeisha, anaweka 16, saa kumi alfajiri anaamka anatetemeka, pua imeziba, koo limekauka, kesho yake anatangazia ofisi nzima kwamba AC ni mbaya kwa afya. Tatizo ni ile 16 yake, pamoja na chumba chenyewe.

Shika kitu kimoja kabla hatujaenda mbali. Kwenye joto la pwani kinachokunyima usingizi zaidi ni unyevu, na kazi ya AC usiku ni kutoa ule unyevu, kushusha joto kiasi, alafu ikuache ulale. Na usiku hauna namba moja. Saa nne usiku mwili unataka hali moja, saa kumi alfajiri unataka nyingine kabisa, ila wengi wetu tunaweka 18, rimoti inaingia chini ya mto, tunakutana nayo asubuhi.

Mwili unafanya nini ukiwa unalala

Ili usingizi uje, joto la ndani ya mwili lazima lishuke, kama digrii 1 hivi. Mwili unalishusha kwa kusukuma damu kwenye ngozi, hasa viganja na nyayo, joto linatokea huko. Ndo maana ukikaribia kulala miguu inakuwa ya moto unaitoa nje ya shuka bila hata kufikiria. Sasa hewa ya chumba ikiwa ya moto lile joto linakosa pa kwenda, mwili unaamua kutoa jasho, na jasho linapoza pale tu linapokauka. Hewa ya Dar mwezi wa pili haikaushi kitu, nguo ukianika ndani zinatoka na uvundo, kwahiyo jasho linabaki mgongoni, unageukia ukutani, unageukia mlangoni, unaamka mara kadhaa usiku na asubuhi hata hukumbuki kama uliamka, unajua tu umechoka. Mtu wa Dodoma chumba kikiwa digrii 28 anaweka feni analala vizuri tu, digrii hizo hizo Kinondoni unaziona za moto zaidi kwa sababu ya maji yaliyomo hewani.

Upande wa pili ni alfajiri. Joto la mwili linafika chini kabisa kwenye saa kumi au kumi na moja alfajiri, na kipindi hicho hicho ndo usingizi wa ndoto unakuwa mwingi. Kwenye usingizi wa ndoto mwili karibu unaacha kujirekebisha wenyewe, jasho halitoki sawasawa wala hautetemeki sawasawa. Kwahiyo AC ya 18 inakukuta hauna ulinzi, unaamka. Alafu baridi inabana mishipa ya kwenye ngozi, figo zinatoa maji mengi zaidi, unaenda chooni saa tisa usiku unaanza kuhisi una sukari. (Kama unaenda chooni hivyo hata siku AC imezimwa, hapo nenda kapime kweli.)

Kuna utafiti ulifanyika Boston, Marekani, Julai 2016 wakati wa joto kali, wakalinganisha wanafunzi waliokuwa wanalala kwenye mabweni yenye AC na wasio nayo, kila asubuhi wanapewa maswali mafupi kwenye simu. Wasio na AC walikuwa wazito kujibu kwa kama asilimia 13. Mwingine wa 2023, huko huko Boston, ulifuatilia wazee majumbani kwao ukaona usingizi ulikuwa mzuri zaidi chumba kikiwa kati ya 20 na 25, na kutoka 25 kwenda 30 ubora unashuka asilimia 5 mpaka 10. Ila hao ni watu wa Boston, wamezoea baridi na wanalala na duveti. Mtu aliyekulia Temeke ukimuweka kwenye 20 na kanga moja unamtesa. Zile 18 unazozisoma mitandaoni ni ushauri wa wenye duveti, usiuchukue kama ulivyo.

Hatua ya 1: Pima chumba chako, usikisie

Nunua kale kadude kadogo kanakoonyesha joto na unyevu, Kariakoo kapo kwenye maduka ya vifaa vya umeme na sio ghali. Kaweke karibu na kichwa cha kitanda, usikatundike chini ya AC manake katakudanganya. Namba ya kwenye rimoti ni ombi tu, mashine inapima hewa inayoingia kwake juu karibu na siling, na kitanda chako kiko chini. Utashangaa rimoti inasema 22 na kitandani ni 26.

Unachokitafuta kwa pwani ni kitandani kati ya 24 na 27, na unyevu kati ya asilimia 50 na 60. Ukiona 25 lakini unyevu uko 75, utalala vibaya na utadhani unahitaji baridi zaidi, kumbe unahitaji ukavu.

Hatua ya 2: Chumba kwanza, AC baadaye

Kuta za tofali za saruji zinanyonya jua mchana kutwa alafu usiku zinalitoa. Ukigusa ukuta wa upande wa magharibi saa mbili usiku bado una joto, na ukuta huo ndo AC inapigana nao mpaka saa sita. Kwahiyo kazi inaanza mchana. Mapazia ya upande wa jua yafungwe kuanzia saa saba au saa nane mchana, pazia zito la rangi ya mwanga kwa upande wa nje. Kama unaweza kuweka kivuli nje ya dirisha, turubai, mwamvuli wa bati, mti, hata mkeka, hicho kinashinda pazia lolote la ndani, manake jua likishapita kioo limeshaingia.

Juu ni balaa zaidi. Nyumba ya bati bila siling bodi kuweka AC ni kupoza mtaa mzima. Weka kwanza siling, na kama kuna nafasi kati ya bati na siling acha matundu ya hewa pembeni ili joto la juu litoke. Waliopanga chumba cha juu kabisa kwenye ghorofa lenye paa la zege wanajua ninachosema, zege linakaa na moto mpaka usiku sana.

Alafu ziba mianya. Chini ya mlango weka lile brashi au kunja kitambaa, madirisha ya alumini ya kuteleza yana upenyo pembeni, nunua sponji ya kubandika. Madirisha ya vioo vya kupachika yale ya zamani yenye wenzo, hayo hayazibiki vizuri, nailoni nene kwa ndani msimu wa joto inasaidia. Unaziba kwa sababu hewa ya nje inayopenya inakuja na maji yake, AC inayatoa, mengine yanaingia, na bili inatembea.

Hatua ya 3: Saizi, na hapa wauzaji wengi wanakupoteza

Nguvu ya AC ya kupoza inapimwa kwa BTU, na hesabu ya haraka ya pwani ni kama BTU 600 mpaka 700 kwa kila mita moja ya mraba. Chumba cha mita 3 kwa 4 ni mita 12 za mraba, inakuja kama 7,200 mpaka 8,400, kwahiyo 9,000 inatosha kabisa. Chumba cha mita 4 kwa 4 nenda 12,000. Ongeza kidogo kama jua la jioni linapiga ukuta wako au juu ni bati.

Sasa mtu anaambiwa chukua 18,000 ndo inapoza haraka. Inapoza haraka kweli, na hapo ndo shida inapoanzia. AC inatoa maji hewani pale hewa inapopita kwa muda kwenye koili, yale mabomba ya baridi yaliyomo ndani ya mashine, maji yanajikusanya juu yake kama jasho la chupa ya soda, yanachuruzika kwenye bomba la nje. Mashine kubwa inafikisha 22 ndani ya dakika chache, kompresa, ile pampu ya gesi kwenye mashine ya nje, inazima kabla haijatoa maji ya maana, feni inaendelea kupuliza juu ya koili yenye maji na kuyarudisha chumbani. Unabaki na chumba cha baridi chenye unyevu, shuka za ubaridi kama pango. Mashine ndogo inayofanya kazi taratibu muda mrefu inakulaza vizuri zaidi.

Kama mfuko unaruhusu chukua inveta. Ile ya kawaida inawaka yote au inazima yote, usiku unasikia kompresa inaguruma, kimya, inaguruma, na wenye usingizi mwepesi wanaamka kila inapowaka. Inveta inapunguza mwendo na kubaki inazunguka pole pole, joto halipandi na kushuka, kelele ni ndogo, na unyevu inautoa muda wote.

Hatua ya 4: Upepo usikupige

Malalamiko mengi ya koo, pua na shingo kukakamaa yanatokana na mahali AC ilipofungwa. Fundi anaiweka juu ya kichwa cha kitanda kwa sababu ndo karibu na ukuta wa nje, bomba linakuwa fupi, kazi inaisha mapema. Ukiwa unafunga mpya mwambie iwe ubavuni mwa kitanda au upepo upite juu ya miguu kuelekea ukuta wa pili. Kama imeshafungwa, inua mabawa ili upepo uende juu sambamba na siling, hewa ya baridi ni nzito itashuka yenyewe. Zima ile ya kuzungusha mabawa usiku, manake upepo unaokuja na kuondoka unakushtua kuliko uliotulia. Kuna vibao vya plastiki vya kukinga upepo vinauzwa, vinasaidia.

Watu wanasema AC inaleta nimonia. Nimonia inaletwa na vijidudu, baridi peke yake haiwezi. Ila AC chafu yenye fangasi inapulizia kifua cha mtu mwenye pumu usiku mzima, hiyo ni habari nyingine, tutaifikia.

Hatua ya 5: Ratiba ya usiku

Hapa ndo penyewe. Nachukulia unalala saa nne usiku na unaamka saa kumi na mbili asubuhi, we sogeza kulingana na ratiba yako.

Saa moja jioni, kama nje kumeshapoa kuliko ndani, fungua kila kitu kwanza dakika 20 joto la mchana litoke. Kuwasha AC kwenye chumba kilichofungwa tangu asubuhi ni kulipa umeme wa kutoa joto ambalo upepo wa bahari ungelitoa bure. Wavu wa mbu uwepo dirishani lakini, manake saa hizo ndo mbu wanaanza kutafuta pa kuingilia.

Saa tatu usiku funga, washa AC kwenye 24, feni yake iwe kati au juu. Chumba kinatakiwa kipoe kabla hujaingia, pamoja na godoro. Godoro la sponji linatunza joto sana, ukilala kwenye godoro la moto hata hewa ikiwa 23 mgongo unaungua.

Muda huo huo kaoge, na maji yawe ya vuguvugu. Najua mtu wa Dar ukimwambia akaoge maji ya vuguvugu mwezi wa pili atakuona umechanganyikiwa. Maji ya baridi sana yanafunga mishipa ya ngozi, joto linabaki ndani, unatoka unajisikia poa dakika 10 alafu unaanza kutoka jasho upya. Maji ya vuguvugu yanaileta damu kwenye ngozi, ukitoka joto linamwagika. Chuo Kikuu cha Texas kule Austin walikusanya tafiti nyingi za jambo hili mwaka 2019, wakakuta kuoga maji ya moto kiasi saa 1 mpaka 2 kabla ya kulala kunafanya usingizi uje mapema kwa wastani wa dakika 10. Kwetu maji ya tenki la juu jioni yanakuja ya vuguvugu yenyewe, hayo hayo yanatosha.

Saa nne unaingia kitandani. Angalia kadude kako. Kama unyevu umefika 60 au chini, panda mpaka 25. Kama bado uko 70, badili kwenda modi ya Dry, ile yenye picha ya tone la maji, iache saa 1. Modi hii inaendesha kompresa huku feni ikiwa pole pole ili hewa ikae muda kwenye koili, inatoa maji bila kugandisha chumba. Kwa usiku wa masika, Aprili hivi, joto sio kali ila kila kitu kina unyevu, Dry peke yake inaweza kukutosha usiku mzima.

Kisha washa pangaboi namba 1 au feni ya kusimama ikitazama ukuta. Hewa inayotembea inakufanya ujisikie nafuu kwa digrii 2 au 3 hivi, kwahiyo 26 na pangaboi ni sawa na 23 au 24 bila pangaboi, na pangaboi linakula umeme kidogo sana. Huu mchanganyiko wa AC na pangaboi ndo ningekuachia kama ningeruhusiwa kukuachia kitu kimoja tu.

Kuanzia saa saba usiku namba iwe inapanda. Rimoti nyingi zina kitufe cha Sleep, chenye picha ya mwezi au nyota, kinaongeza digrii 1 baada ya saa 1, kingine baada ya saa nyingine, alafu kinatulia hapo. Ukianza na 24 utajikuta 26 wakati wa usingizi wa ndoto, na ndo unachokitaka. Kama rimoti yako haina, tumia taima: AC izime saa tisa au saa kumi alfajiri, pangaboi libaki. Kaskazi ikiwa kali na juu yako ni bati au zege, kuzima kabisa saa nane ni mapema, utaamka saa kumi umelowa. Jaribu tofauti, badili kitu kimoja kwa usiku kadhaa, ukibadili vitatu pamoja hutajua kipi kimekusaidia.

Na kusi ikiingia, Juni mpaka Agosti, usiku wa Dar unashuka mpaka 19 au 20. Zima AC, fungua dirisha lenye wavu, lala. Kuna watu wanawasha AC mwezi wa saba kwa mazoea, hao wana hela.

Hatua ya 6: Hewa ya kupumua

Hili wengi hawalijui kabisa. AC ya ukutani haileti hewa mpya. Inachukua hewa ile ile ya chumbani, inaipoza, inairudisha. Watu wawili na mtoto kwenye chumba cha mita 3 kwa 3 kilichozibwa vizuri, kufika alfajiri hewa waliyoitoa wao wenyewe imejaa humo, wanaamka na kichwa kizito na kinywa kibaya, lawama zinaenda kwa AC. Denmark waliwahi kujaribu kwenye mabweni ya wanafunzi, chumba chenye hewa mpya ya kutosha kilileta usingizi mzuri zaidi na akili kuchangamka zaidi siku ya pili.

Kwahiyo nilivyosema uzibe mianya sikumaanisha ufanye kaburi. Acha mlango wa ndani unaoelekea korido wazi kidogo, upana wa kidole au viwili, au fungua dirisha dakika 10 kabla ya kulala na tena ukiamka usiku kwenda chooni. AC ikizima alfajiri dirisha lifunguke kidogo.

Alafu hapa sitanii. Chumba kilichofungwa hakiwashwi jiko la mkaa, hata makaa yaliyobaki na jivu juu, hata kwa ajili ya udi. Gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu na inaua watu waliolala. Jenereta lisiwekwe karibu na dirisha wala kwenye korido. Dawa ya mbu ya kuchoma ya mduara nayo usiwashe ukiwa umefunga na AC, moshi wote unauvuta wewe. Tumia neti.

Na neti ibaki hata ukiwa na AC. Mbu kwenye baridi anapunguza kasi tu, kwenye 25 anauma kama kawaida na malaria haijui kama una AC. Neti inapunguza upepo kidogo, ndo sababu nyingine ya pangaboi. Itundikwe juu, isikulalie usoni.

Kitandani na nguo

Shuka za pamba, sio zile za kuteleza zenye nailoni. Kanga mbili au shuka jepesi ni blanketi tosha kwa 25. Wanandoa ambao mmoja anasikia joto na mwingine baridi wasigombanie rimoti, kila mtu awe na shuka lake, na anayesikia joto alale upande wa upepo. Mwanamke joto la mwili linapanda kidogo nusu ya pili ya mzunguko wake, na akiwa mjamzito au amefikia ukomo wa hedhi anaweza kulowa usiku kwenye chumba ambacho mume anaona ni barafu. Sio maringo, mpishe rimoti.

Mtoto mchanga weka 25 au 26, upepo usimfikie moja kwa moja, umvalishe nguo nyepesi ya mikono mirefu badala ya kumrundikia blanketi ambalo linaweza kumfunika uso. Usipime baridi yake kwa viganja, viganja vya mtoto huwa vya baridi tu, gusa kifua au shingo kwa nyuma. Wazee ndo wa kuangaliwa zaidi kwenye joto, hisia ya kiu inapungua na umri na baadhi ya dawa za presha zinatoa maji mwilini, kwahiyo bibi akisema hana joto na chumba kiko 31, muwashie, muwekee 26 na shuka.

Pesa

AC ya BTU 9,000 ya kawaida inakula kama kilowati 0.8 kompresa ikiwa inazunguka. Ukiweka 16 kwenye chumba kinachovuja haifiki hiyo 16 milele, kompresa haipumziki, saa 8 ni yuniti 6.4. Kwa bei ya Tanzania ya tarifu 1, ile ya kawaida, elfu 10 inakupa kama yuniti 28, yaani kama shilingi 356 kwa yuniti ukishaweka kodi. Hapo usiku mmoja ni kama 2,280, mwezi ni 68,000 na ushee. Ukiweka 26 na pangaboi, chumba kimezibwa, kompresa inapumzika karibu nusu ya muda, unaenda kama yuniti 3.2, usiku 1,140, mwezi 34,000. Inveta inashuka zaidi ya hapo. Pangaboi lenyewe usiku mzima ni kama shilingi 200.

Waliopo tarifu 4, ile ya yuniti 75 kwa mwezi kwa bei ya chini, wajue AC itawatoa humo, na yuniti za juu ya 75 zinakuja kwa bei kubwa kuliko hata ya tarifu 1. Piga hesabu kabla hujanunua mashine. India walishaona watu wanajigandisha bure, kuanzia 2020 AC za majumbani zinatakiwa zitoke kiwandani zikiwa zimewekwa 24, na kule wanahesabu kila digrii 1 unayopandisha inaokoa kama asilimia 6 ya umeme.

Umeme ukikatika

Chumba kilichozibwa kitabaki kizuri kama nusu saa, usikimbilie kufungua. Feni ya kuchaji iwe imejaa na iko karibu. Ikipita hapo fungua madirisha yote. Umeme ukirudi subiri dakika 3 ndo uwashe, kompresa inahitaji presha ya gesi itulie, mashine nyingi mpya zinasubiri zenyewe ila za zamani zinalazimishwa na zinakufa. Mitaa ya umeme mdogo, ule wa taa kufifia, AC inanguruma bila kuwaka, zima haraka. Weka kifaa cha kulinda umeme kinachobeba ampia za AC, kile cha friji cha kuchomeka ni kidogo.

Usafi, na maneno ya kuongea na fundi

Filta zile mbili za mbele toa mwenyewe kila baada ya wiki 2, osha na maji na sabuni, zikauke kivulini. Barabara ya vumbi, kila wiki. Filta ikiziba hewa haipiti, koili inaganda barafu, AC inapuliza upepo wa kawaida na maji yanadondoka kitandani. Sevisi kamili ya koili, ndani na nje, kila miezi 3 au 4 kama unaitumia kila siku. Karibu na bahari chumvi inakula mashine ya nje, imwagie maji safi mara kwa mara ikiwa imezimwa. Harufu ya soksi mbichi AC inapowaka ni fangasi kwenye koili na kwenye lile feni la ndani la mviringo, na ndo inayokupigisha chafya alfajiri. Ukimaliza kutumia asubuhi, iache modi ya feni tupu dakika 15 ikauke.

Angalia pia bomba la maji nje. Usiku wa joto linatakiwa litiririke, watu wanajaza ndoo wanadekia. Kama AC inapoza na bomba ni kavu kabisa msimu wa kaskazi, unyevu hautoki, au bomba limeziba na maji yanaelekea ukutani kwako. Na ukikuta kabati linanuka ukungu au ukuta unatoa jasho, umeweka baridi sana, hewa ya nje ikiingia inaacha maji kama jasho kwenye kila kilichopoa. Panda mpaka 25.

Fundi akija kila miezi michache akasema gesi imeisha ajaze, muulize imevuja wapi. Gesi ya AC inazunguka humo humo, haiishi kama ya kupikia. Ikipungua kuna tundu, mara nyingi kwenye zile nati za kopa zinazounganisha ndani na nje, mwambie apake povu la sabuni akuonyeshe mapovu, azibe, avute hewa na pampu ya vakyumu, ndo ajaze, na kwa kipimo kilichoandikwa kwenye stika ya mashine ya nje. Asome pia ni gesi gani, R410A na R32 hazichanganywi, na R32 inaweza kushika moto kidogo, kwahiyo asiwashe tochi ya kuchomea kwenye bomba lenye gesi. Akikataa kutumia vakyumu kwa madai kwamba inapoteza muda, mlipe nauli aende.